Ufanisi wa Afya Upimwe Zahanati

Ndugu zangu, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: orodha ya kupanga nchi kwa ubora wa huduma za afya haiwezi kukuonyesha shilingi yako ya afya imepotelea wapi.

Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilizipanga nchi 191 kwa utendaji wa mifumo yao ya afya. Ufaransa ya kwanza, Marekani, inayotumia fedha nyingi za afya kuliko nchi zote, ya 37, Sierra Leone ya mwisho. Sierra Leone ilikuwa vitani! Hapo umepima hospitali au umepima bunduki? Na nchi nyingi hazikuwa na takwimu kamili, mapengo yakazibwa kwa makadirio. Bado watu wananiletea orodha hiyo.

Sasa njooni hapa hapa Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walichukua jamii 12 za mkoa huu. Sita zikaboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa, tena katika vituo vilevile vilivyokuwapo: watumishi wakafundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zikawa zinafika, wasimamizi wakawa wanapita, wananchi wakahimizwa kuja mapema. Sita nyingine zikawa za kulinganishia. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa asilimia 1.2 kule kulikoboreshwa, na 1.9 kwingine. Kisha gharama zikapigiwa hesabu: kama dola 218 kwa kila ambukizo lililozuiwa. Huko ndiko kupima. Unajua fedha iliingia wapi, ikafanya nini, na isingeingia mambo yangekuwaje.

Najua kuna atakayeniuliza: mbona Rakai, ng'ambo ya ziwa kule Uganda, walikotibu nako magonjwa ya zinaa, maambukizi ya virusi vya UKIMWI hayakupungua? Kweli hayakupungua. Lakini Rakai waliwapa dawa watu wote kwa mkupuo, kila baada ya miezi 10, na UKIMWI ulikuwa umekwishaenea zaidi. Hoja hiyo inaniunga mkono! Ziwa moja, njia mbili, matokeo mawili. Chukua bajeti ya taifa zima uilinganishe na umri wa kuishi, uone kama utaiona tofauti hiyo. Huioni.

Haraka haraka, maana muda umenibana. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani hilohilo lilikadiria kuwa asilimia 20 hadi 40 ya fedha za afya duniani hupotea bure. Wapo wanaosema basi tusiongeze bajeti. Hapana! Dawa zikikosekana, mtumishi analipwa mshahara na mgonjwa anaondoka na cheti mkononi. Mshahara nao umepotea. Uhaba wenyewe huzaa upotevu. Ile asilimia 15 ya bajeti ambayo sisi nchi za Afrika tuliahidi kuipa afya, kule Abuja, Nigeria, mwaka 2001, bado ni deni. Bima ya afya kwa wote nilitaka kuigusa, naiacha.

Ninachoomba kwa halmashauri za mwambao huu ni kimoja. Kila zahanati ibandike ukutani fedha ilizopokea, siku ambazo dawa muhimu zilikosekana, na idadi ya kina mama waliojifungulia pale. Kisha tulinganishe zahanati na zahanati mwenzake, wala si Tanzania na Ufaransa. Na ile ya kisiwani Ukerewe ikionekana ghali kuliko ya Nyamagana, hapa mjini, msikimbilie kumwandikia mganga mfawidhi barua ya kujieleza. Ulizeni kwanza bei ya mafuta ya boti ya kubebea wagonjwa.