Uzi wa Tano Una Kazi Gani?

Assalaam alaikum. Na kwa wote, hamjambo? Naona wengine mmekuja na magitaa mgongoni, na hilo limenifurahisha kuliko hata chai tuliyopewa hapo nje. Nimeombwa nizungumzie gitaa la besi lenye nyuzi tano na zaidi, badala ya nne za kawaida. Basi niungame kwanza: kwa miaka mingi mimi nilikuwa mpinzani wake. Nikimwona kijana kapanda jukwaani na besi ya nyuzi tano, namnong'oneza mwenzangu, "Huyu nne zimemshinda, sasa kaongeza wa tano."

Kilichonigeuza ni harusi moja huko Kisauni. Mwimbaji wetu alikuwa dada mwenye sauti nzuri sana, lakini siku hiyo kaamka na mafua. Wimbo wenyewe tuliuzoea kwa kii ya F, yaani F ndiyo noti ya nyumbani. Kabla hatujaanza akanigeukia, akaelekeza kidole chini: tushuke. Tukashuka toni nzima, tukaingia E-flati. Mpiga kinanda alibonyeza kitufe kimoja tu cha kushusha kii, akaendelea na soda yake. Mimi je? F yangu iko freti ya kwanza, kile chuma cha kwanza shingoni, kwenye uzi wa E, ulio mnene kuliko zote nne. Ukirudi hatua moja, uko kwenye uzi mtupu, usiokanyagwa. Hatua ya pili ni wapi? Shingo imekwisha! Hakuna pa kukanyaga.

Nikafanya tunachofanya sote: nikaruka juu, nikaichukua E-flati ya freti ya sita kwenye uzi wa A. Kwa jina ni E-flati. Lakini ile F tuliyozoea hutetema mara 44 hivi kwa sekunde, na hii niliyowapa ni 78. Kina mama walikuwa katikati ya chakacha, viuno vimekolea. Sitasema walikaa chini, hapana, ila nilihisi sakafu imepoa. Mpiga ngoma wetu, mzee wa siku nyingi, akanipigia kelele huku anapiga: "Wewe! Umehama nyumba?"

Maneno hayo yalinikaa. Besi ni nyumba. Watu hawaiangalii, lakini ikihama wanajua.

Sasa nitazameni mkono wa kushoto. Hii niliyoshika ni ya nyuzi tano: B, E, A, D, G. Huu mnene hapa juu ndio B. Nimeweka kidole cha shahada freti ya nne. Kwenye B napata E-flati, ile ya chini kabisa niliyoikosa Kisauni. Sijasogeza mkono, nashuka uzi wa pili, freti ileile ya nne: A-flati. Mbele freti mbili: B-flati. Wimbo mzima wa koodi tatu uko chini ya vidole vyangu na kiwiko hakijatikisika. Mwimbaji akipona mafua akataka F? Nasogeza mkono wote freti mbili mbele, na kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa. Akitaka G-flati, freti moja tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uzi wa tano hauuzwi kwa sababu ya zile noti tano za chini peke yake. Unauzwa kwa sababu unakuondolea ukuta. Kwenye besi ya nyuzi nne, E tupu ni ukuta, na kila kii inayokaribia ukuta huo inakulazimisha upige kwa namna yake. Ndiyo maana wengi wetu tunapenda sana A na G, tunajifanya ni ladha. Si ladha, ni uvivu wa shingo.

Na mkipiga na tarumbeta na saksafoni mtanielewa zaidi. Tarumbeta ya kawaida imetengenezwa kwa B-flati, saksafoni ya alto kwa E-flati. Wapulizaji wanazipenda kii za flati, na ukifanya kazi nao utaishi huko huko ambako shingo yako imekwisha.

Jambo jingine kwa wenye mikono midogo, maana nimewaona mabinti watatu hapo mbele na besi zao. Kwenye besi ya urefu wa kawaida, kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni karibu sentimita 13. Kutoka ya tano hadi ya nane ni kama 10. Ukiwa na uzi wa B, zile noti za freti za mwanzo za uzi wa E unazipata freti tano mbele, ambako vidole havitanuki kama kaa. Watu husema besi ya nyuzi tano ni ya majitu yenye viganja vipana. Mimi nasema kinyume, mradi uizoee shingo yake pana.

Nne zilitoka wapi? Leo Fender alipoanza kuuza gitaa la besi la umeme huko Marekani mwaka 1951, alifuata nyuzi za ile besi kubwa ya kusimama: E, A, D, G. Alitaka mpigaji asibebe kabati, na freti zimsaidie kupiga noti safi. Lilikuwa jambo la busara, wala si amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Mwaka 1965 kampuni ileile aliyoianzisha ikatoa ya nyuzi tano, lakini ikaongeza uzi mwembamba wa C, wenye sauti ya juu kuliko G, kisha ikakata freti zikabaki 15. Pigeni hesabu: noti yake ya juu kabisa ni ileile ya besi ya nyuzi nne yenye freti 20. Umeongeza uzi na hujaongeza sauti hata moja! Haikuuzika, na sishangai. Mwaka 1975 Anthony Jackson wa New York alitengenezewa na fundi Carl Thompson besi ya nyuzi sita, kutoka B ya chini hadi C ya juu. Hoja yake ilikuwa fupi: hiki ni chombo cha ukoo wa gitaa, na gitaa lina nyuzi sita, sasa besi imepunjwa kwa nini? Halafu miaka ya 1980 vinanda vya umeme vikaanza kupiga besi chini ya E kwenye rekodi, na wapigaji waliotaka kubaki kazini wakatafuta B. Ukitaka kumsikia Mwafrika aliyeifanya ya nyuzi tano iongee, msikilize Richard Bona wa Kameruni.

Tena hapa Mombasa sisi hasa hatuna haki ya kushangaa. Kanuni, kile chombo cha taarabu, ina nyuzi zaidi ya 70, na hakuna aliyemuuliza mpigaji wake kama zimemshinda. Na udi wa taarabu je? Husimuliwa kuwa Ziryab, aliyetoka Baghdad akaishia Córdoba karne ya 9, ndiye aliyeuongezea udi jozi ya tano ya nyuzi. Bila shaka naye kulikuwa na mtu wa pembeni akinong'ona kama mimi.

Sasa ubaya wake, maana sikuja kuuza duka la mtu.

Uzi wa B ni mtukutu. E hutetema mara 41 kwa sekunde, B mara 31. Kama unataka kushuka hivyo kwa urefu uleule na mvuto uleule, uzi lazima uwe mzito karibu mara 1.8. Lakini E ina unene wa kama milimita 2.7 na B kama 3.3, na ukipiga hesabu uzito huo hautoshi. Kwa hiyo B hubaki imelegea kidogo kuliko wenzake. Ukiipiga kwa nguvu inagonga freti, inapayuka, sauti yake kama mlango wa gari bovu. Mafundi hurefusha shingo, ili sehemu ya uzi inayotetema itoke inchi 34 hadi 35. Inchi moja hiyo huongeza mvuto kama asilimia 6. Si nyingi, ila sikio linaisikia. Kwa hiyo ukienda kununua, usianze na G kwa madoido. Anza na B, freti ya tano, piga polepole, usikilize kama noti ina kichwa au ni mngurumo tu. Kama ni mngurumo, rudisha gitaa ukutani, hata kama rangi yake imekuvutia.

Pili, nyuzi zisizopigwa nazo zinalia. Kidole gumba cha mkono wa kulia hakitakiwi kukaa mahali pamoja. Nikipiga A, gumba langu linalala juu ya E na kuigusa B. Nikihamia D, gumba linashuka nami. Wiki tatu za mwanzo nilidhani ampu yangu imeharibika, kumbe ni B inaimba peke yake.

Tatu, chumvi. Upepo huu wa baharini tunaousifia hula nyuzi, na nyuzi tano ni gharama kuliko nne. Kila nikimaliza kupiga nazifuta kwa kitambaa kikavu. Zikifa sauti nazichemsha kidogo, uchafu unatoka, zinafufuka kwa siku chache. Mke wangu alinikuta nachemsha B kwenye sufuria ya wali. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Nne, na hili nawaambia wapiga vinanda: mkono wenu wa kushoto! Mkishuka nami huko chini, hakuna atakayesikia noti, wote wataisikia ghasia. Sauti za chini zinahitaji nafasi.

Mtu ameuliza hapa kwa karatasi: "Spika ya simu haiwezi kutoa sauti hiyo, sasa kuna faida gani?" Swali zuri. Kweli, simu haitoi mitetemo 31. Lakini uzi hautoi huo peke yake; unatoa pia 62, 93 na kuendelea, na ubongo wa msikilizaji ukisikia hizo unajijazia ile ya chini. Kwa hiyo mkirekodi, pigeni B karibu kidogo na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa, ipate meno. Na mkipanda matatu yenye spika zake zile, mtaikuta noti nzima imekaa kwenye kiti.

Nyuzi sita sitazizungumzia sana. C ya juu ni tamu kwa anayepiga melodia na koodi, na kuna watu wanaitendea haki. Kwa kazi zetu za harusi na mahoteli, mimi sijaihitaji. Saba na nane namwachia mwenye shingo ya ngamia.

Na kama mfuko haujafika, nunua seti ya nyuzi tano, uifunge besi yako ya nne kwa B, E, A, D, uache G kwenye pakiti. Fundi apanue kidogo vijia vya nyuzi pale juu ya shingo na kurekebisha shingo yenyewe. Utapoteza noti chache za juu ambazo, tuseme kweli, ulikuwa ukizipiga ukiwa umechoka.

Haya, dada, karibu kwenye maikrofoni. Bwana ngoma, tuanze na chakacha kwa F, taratibu. Nikikukonyeza tunashuka E-flati, na nyinyi mliokaa karibu na spika, wekeni kiganja juu yake.