Makali Kwanza: Mhadhara kwa Seremala wa Nyumbani

Habari za jioni, ndugu zangu. Mliokaa nyuma, sogeeni mbele kidogo. Leo kuna mambo ya kusikiliza kwenye mbao yenyewe, na nikianza kusukuma patasi nitawaomba mnyamaze.

Nianze kwa kugombana na wahenga. Walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe labda, maana udongo husamehe. Mbao haisamehi. Kila wiki nakutana na mtu aliyenunua patasi mpya, akaitoa kwenye boksi, akaipiga nyundo, mbao ikachanika. Anakata tamaa, ananiambia, "Mwalimu, mimi sina mkono wa kazi hii." Mkono anao. Alichokosa ni makali. Patasi ikitoka dukani mara nyingi haijawa tayari kwa kazi. Kiwanda kimekupa chuma chenye umbo la patasi, na kazi iliyobaki umeachiwa wewe.

Makali ni nini? Ni mahali ambapo nyuso mbili za chuma zinakutana. Basi. Uso mmoja ni ule wa mshazari, ambao kila mtu anaukimbilia. Wa pili ni ule bapa wa nyuma, na huo ndio unaosahauliwa. Itazameni hii kwenye mwanga: mnaona mistari midogo midogo upande wa bapa? Ni alama za jiwe la kiwandani. Mistari hiyo inafika hadi ukingoni, kwa hiyo hata uunoe mshazari mpaka ung'ae kama kioo, ukingo utabaki na vijino. Laza bapa juu ya jiwe, usiinue mpini hata kidogo, sugua sentimita 2 au 3 za mbele mpaka mistari ile iishe. Inachosha, najua. Lakini ukiifanya vizuri unaifanya mara moja katika maisha ya patasi hiyo.

Kisha mshazari. Kwa kazi za kawaida pembe ya nyuzi 25 inatosha, na ncha kabisa naiongezea hadi 30 ili isimeguke kwenye mbao ngumu. Naanza na jiwe la namba 1000, namalizia na la 4000 au zaidi; namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi. Huna mawe? Bandika msasa wa maji juu ya kipande cha kioo kinene kilichonyooka. Wapo watakaokucheka, lakini chuma hakijui bei ya kitu kilichokinoa.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoacha mapema. Unasugua mpaka lini? Mpaka uote ukucha. Ndivyo ninavyokiita kile kichuma chembamba kinachojikunja kuelekea upande wa bapa. Pitisha kidole gumba kwenye bapa ukitokea kwenye mpini kwenda nje, kiache kivuke ukingo, usikipitishe kuufuata. Unasikia kitu kinakwaruza kama kipande kidogo cha ukucha uliokatwa vibaya? Kama kipo upana wote, umefika. Kama kipo upande mmoja tu, hujafika, endelea. Kisha geuza, laza bapa, sugua mara mbili tatu kukiondoa, malizia kwa kuvuta patasi kinyumenyume juu ya ngozi.

Namna ya kujua? Kuna jamaa hujipima kwenye nywele za mkono. Mtawajua, wana vipara vya mkononi. Mimi napima kwenye kichwa cha mbao laini, pale nyuzi zilipokatwa. Tulieni kidogo. Hii ya kwanza… mmesikia? Inakwaruza, na uso umebaki mweupe, kama unga uliosagwa. Zile nyuzi zimepondwa, hazikukatwa. Na hii ya pili… sauti ni nyembamba, kama karatasi inayopasuliwa taratibu, na uso umebaki mweusi kidogo na una mng'ao. Mbao ni ileile. Mkono ni uleule.

Mwaka wangu wa kwanza nilitafuta njia ya mkato. Nilipata mashine ya jiwe la umeme, nikabana patasi nzuri ya urithi, cheche zikaruka, nikafurahi. Ghafla ncha ikageuka rangi ya buluu. Niliona imependeza! Kumbe chuma cha kaboni kikifika buluu kimegonga nyuzijoto 300 hivi, na ugumu wake umepungua. Ilikuwa inaisha makali kabla sijamaliza tundu moja. Ilibidi niisage taratibu milimita kadhaa mpaka nifikie chuma kizima. Ukitumia mashine hiyo, gusa kidogo, chovya kwenye maji, gusa tena, na kidole kisisikie moto.

Na hili kovu hapa, kwenye kidole gumba cha kushoto, halikutokana na patasi kali. Lilitokana na ile butu. Zana butu unaisukuma kwa nguvu za bega, na ikiachia inaachia yote kwa mara moja. Siku hiyo nilishika mbao kwa mkono wa kushoto na kusukuma kwa wa kulia. Tangu hapo mbao hushikwa na jiriwa, yaani kibanio cha mezani, na mikono yangu yote miwili hukaa nyuma ya makali.

Randa ni patasi iliyofungwa kwenye kiti, kwa hiyo yote niliyosema yanahusu kisu chake pia. La ziada ni kutazama nyuzi. Tazama ubavu wa mbao uone zinapanda kuelekea wapi, kisha sukuma randa kuelekea huko zinakopanda. Ukienda kinyume, kisu kinaingia chini ya nyuzi na kuzing'oa. Maranda yakitoka vipande vipande badala ya utepe, geuza mbao kabla hujaanza kulaumu randa.

Misumeno nitaipitia haraka. Meno ya kupasulia, yale ya kufuata nyuzi, ni kama patasi ndogo zilizopangwa foleni. Ya kukatisha ni kama visu vidogo. Ukikatisha kwa msumeno wa kupasulia utachana, ukipasua kwa wa kukatisha utazeeka hapo hapo.

Sasa utunzaji. Adui ni unyevu, na unyevu wa kwanza ni jasho la kiganja chako. Ukimaliza kazi, pangusa vumbi la mbao, kwa sababu nalo hunyonya unyevu na kuulaza juu ya chuma, kisha pitisha kitambaa chenye tone la mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya kupikia yaacheni jikoni, yakikaa hugeuka gundi. Patasi zisirundikwe kwenye droo zikigongana midomo. Zichongeeni rafu yenye matundu, hata ya mbao chakavu. Kuhusu randa ilazwe ubavu au isimame, mafundi wamebishana miaka mingi. Mimi nailaza juu ya unyayo wake, na kipande chembamba cha mbao nakiweka chini ya pua, ili kisu kisiguse meza wala kidole changu kisiguse kisu.

Jambo moja siombi, naamuru. Vitambaa mlivyopakia mafuta ya mbegu za kitani msivikunje mkavitupa kwenye pipa. Mafuta yale yanapokauka hutoa joto, na kwenye kitambaa kilichojifumba joto hilo halina pa kutokea. Kinaweza kuwaka chenyewe usiku, bila kiberiti. Vitandazeni nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au vilowekeni kwenye ndoo ya maji.

Maswali tutayachukua hapa mezani. Nimeweka patasi 4, jiwe moja na vipande vya mbao vya kutosha. Hiyo yenye uzi mwekundu kwenye mpini nimeiacha butu makusudi. Aanze nayo yule aliyeniambia hana mkono.