Unga Hauli, Unga Umelala: Kutafuta Kosa Kwenye Mashine ya Mtetemo

Habari za asubuhi. Wakubwa wote, shikamooni.

Mashine ya kulainisha na kung'arisha mawe tunayoizungumzia leo si ile ya pipa linalozunguka. Ni hii ya bakuli lililokaa juu ya springi, chini yake mota yenye uzani uliofungwa upande mmoja wa shafti. Mota ikizunguka, uzani unalivuta bakuli huku na huku, mawe yanatetemeka na kupinduka kidogo kidogo. Haichongi umbo. Jiwe lenye kona kali lianzie kwenye pipa na unga wa msasa wa chembe kubwa, namba 60 au 90, ndipo lije hapa kwa namba 220, kisha 500, kisha polishi, yaani unga laini wa kung'arishia. Namba ikipanda, chembe inapungua.

Malalamiko kuhusu mashine hii karibu yote yanautaja unga wa msasa. Unga haukati. Unga umelala chini. Unga umeganda kama saruji. Unga umekwaruza jiwe lililokuwa linakaribia kung'aa. Na dawa ambayo mtu huikimbilia ni kuongeza kijiko kingine. Nasema weka kijiko chini kwanza. Mara nyingi unga wenyewe hauna kosa. Kosa liko kwenye maji, au kwenye mwendo wa mawe.

Tuanze na maji. Kwa bakuli linalobeba kilo 2 hivi, mawe pamoja na kokoto za kauri za kuzuia mawe yasigongane, anza na vijiko vikubwa 2 vya unga namba 220. Ukifika namba 500, kijiko 1 kinatosha, na polishi vilevile. Maji ni vijiko vikubwa 3, yaani kama mililita 45, na yatakayofuata yaje kwa chupa ya kupulizia. Aliyezoea pipa ataona huu ni mzaha, maana kule maji hufika karibu na uso wa mawe. Hapa maji hayatakiwi kuonekana. Ukiyaona, yamezidi.

Kwa nini? Silikoni kabaidi, ndiyo unga wenyewe wa msasa, ina uzito unaopita mara 3 ya maji. Ndani ya maji mepesi inazama, na mtetemo unaishindilia chini badala ya kuiinua. Jiwe linabaki safi, limeoshwa, huku unga unakula sakafu ya bakuli lako.

Kipimo ni vidole. Zima mashine baada ya dakika 20, toa jiwe la katikati, si la juu. Linatakiwa liwe limevaa rojo la kijivu kama uji mwepesi unavyouvaa mwiko. Lisugue kwa kidole gumba na cha shahada: usikie chengachenga. Likitoka linang'aa kwa maji na vidole havisikii kitu, ingiza mwiko wa plastiki hadi chini. Utaupata unga wote umejikalia huko. Hapo usiongeze kitu. Inamisha bakuli umwage maji ya juu, koroga unga urudi kwenye mawe, kisha washa bila kifuniko kwa nusu saa maji yapungue.

Kosa la upande wa pili linakuja polepole, ndiyo maana linawapata watu usiku. Kadiri unga unavyokata, vumbi la jiwe lenyewe linaingia kwenye rojo na kulifanya zito. Maji nayo yanapotea kwa joto. Asubuhi unakuta mawe yameshikana, bakuli linatetemeka lakini hakuna jiwe linalopinduka. Pulizia mara 5, subiri dakika 5, tazama. Jiwe moja lenye rangi ya kipekee likitoka juu, likazama na kurudi juu, mwendo umerudi. Usimimine kikombe cha maji kwa hasira, utarudi kwenye kosa la kwanza. Kwa unga namba 220 chungulia kila baada ya saa 6 hadi 8. Kwa polishi, saa 12 zinatosha.

Masikio nayo yanasaidia. Rojo likiwa sawa, mashine inavuma kwa sauti nene, ya chini. Likikauka unasikia mawe yanagongana kama kete, na kila mgongano unaacha alama. Likizidi uzito, sauti inafifia kabisa.

Sasa nakuja kwenye kosa ambalo maelekezo ya mashine hayalitaji, kwa sababu yaliandikwa Marekani. Huko umeme ni volti 120 kwa hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Kwetu ni volti 230 kwa Tanzania, 240 kwa Kenya, na kote ni hezi 50. Mtu ananunua transfoma ya kushusha volti, anaona kazi imekwisha. Transfoma inashusha volti, hezi haizigusi. Mota nyingi za mashine hizi kasi yake inafuata hezi, kwa hiyo mashine iliyopangiwa 60 ikipewa 50 inazunguka kwa sehemu 5 kati ya 6 za kasi yake. Si neno, utasema. Lakini nguvu ya ule uzani wa pembeni inakwenda kwa kipeo cha pili cha kasi: 5 kwa 6 mara 5 kwa 6, unabaki na kama asilimia 69. Karibu theluthi moja ya mvuto imekwenda. Mawe yanatetemeka bila kupinduka, unga unalala, na mwenye mashine anaulaumu unga.

Ukiweza, agiza mota ya volti 220 hadi 240, hezi 50, tangu mwanzo. Kama mashine unayo tayari, na uzani wake unarekebishika, uongeze. Kama haurekebishiki, punguza mzigo hadi robo tatu ya bakuli, lakini usishuke chini ya nusu, maana mawe yataanza kurukaruka na kubanduka kingo. Tumia kokoto ndogo nyingi za kauri, ziwe karibu nusu ya mzigo, na ulifanye rojo jepesi kidogo kuliko nilivyosema. Shika mota kwa mkono baada ya saa moja pia, kwa sababu hezi zikishuka bila volti kushuka, mota inachemka. Transfoma yenye tundu la volti 100 inaitendea haki zaidi kuliko ya 110.

Na umeme ukikatika? Rojo la polishi likisimama usiku kucha linaganda chini ya mawe, na umeme ukirudi wenyewe saa 9 usiku mashine inapigana na tofali. Chomoa waya. Ukikatika kwa muda mfupi, pulizia, koroga kwa mwiko, washa. Ukipita saa kadhaa, mwaga, osha, anza hatua hiyo upya.

Mikwaruzo. Hapa lete tochi na lenzi ya kukuza mara 10, kwa sababu alama hazifanani na dawa hazifanani. Mistari mirefu, myembamba, iliyonyooka ni chembe ya unga wa hatua iliyopita imeingia. Vialama vya mwezi mwandamo ni mgongano: kokoto chache au rojo kavu. Ukungu mweupe kwenye kingo tu ni mgongano pia, si uchafu. Jiwe likipendeza likiwa na maji na kufifia likikauka, namba 500 haijamaliza kazi yake, na polishi haitaimalizia hata ikae wiki.

Chembe ya zamani inajificha wapi? Kwenye vishimo na nyufa za jiwe, bila shaka, na ndiyo maana jiwe lenye mashimo haliingii kwenye polishi pamoja na mawe mazima. Lakini pia chini ya kifuniko, kwenye nyuzi za skrubu ya katikati, na kwenye kijiko. Kijiko kimoja kwa namba zote ni uzembe. Kokoto za kauri ziwe na makopo yake, kila kopo na namba yake. Zile za polishi zisirudi nyuma kamwe. Vipunje vya plastiki vinavyowekwa badala ya kokoto ni vibaya zaidi, unga unachomeka ndani yake na hautoki. Kati ya hatua na hatua, osha kwa mswaki, kisha endesha mashine dakika 30 hadi 60 kwa maji na sabuni kidogo au nusu kijiko cha chai cha boraksi, na usuuze mpaka maji yatoke safi.

Kuna mkwaruzo mwingine unaotoka dukani. Namba za unga hazina maana moja. Kwa kipimo cha Ulaya, chenye herufi F, namba 500 ni chembe ya mikroni 12.8, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa kipimo cha Japani, namba 1000 ni mikroni 11.5, na namba 600 ni mikroni 20. Ukimaliza F500 halafu ukanunua 600 ya Kijapani ukidhani unasonga mbele, umerudi nyuma. Muulize muuzaji mikroni. Asipojua, nunua hatua zote kwake yeye mmoja.

Naona mkono wa dada pale. Anauliza jiwe la Longido, lile la kijani lenye rubi, kwa nini linatoka na vinundu.

Swali zuri, na hilo nalo halihusu kiasi cha unga. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, cha 1 hadi 10, zoisaiti ya kijani ni 6 hadi 7, madoa meusi ni laini zaidi, rubi ni 9. Unga unakula kijani na cheusi, rubi inabaki imesimama. Kila saa ya ziada inazidisha kinundu. Kwa hiyo fupisha namba 220, saa 24 basi, jiwe likiwa limeshalainishwa vizuri kabla. Tena polishi ya oksidi ya alumini kikemia ni kitu kimoja na rubi yenyewe, ugumu sawasawa. Zoisaiti itang'aa, rubi itabaki kama imechoka. Mtu anayetaka rubi ing'ae kama kioo ashike unga wa almasi na gurudumu, aiache mashine hii.

Mzee hapa mbele anauliza kuhusu kuongeza udongo ili unga usizame. Inafaa. Kaolini ni laini, haikwaruzi, na inalifanya rojo lishike mawe. Ila kaolini ghafi, kama ile ya vilima vya Pugu, imechanganyika na mchanga wa kwatzi, ugumu 7. Kwenye namba 220 haina madhara. Kwenye polishi itakuchora akiki zako zote. Iloweke kwenye ndoo, koroga, acha mchanga uzame dakika chache, mimina maji ya juu kwenye ndoo nyingine, na rudia mara 2. Kijiko kimoja cha chai cha hicho kilichotua kwenye ndoo ya pili kinatosha bakuli zima.

La mwisho, maana wenye ukumbi wanatutazama. Rojo lililotumika lisimwagwe kwenye sinki, litaziba bomba na halitoki. Liache litue kwenye ndoo, mwaga maji ya juu nje, tope lifunge kwenye mfuko likiwa bado na unyevu. Likikauka usilifagie, ni vumbi la silika lilelile linaloharibu mapafu ya wachimbaji. Futa kwa kitambaa chenye maji. Mawe ya mfano yako mezani, lenzi zipo 2, mpokezane.