Picha Imfuate Msimulizi

Walimu wa awali na wazazi mliofika, asanteni. Sikuja kuwauzia vishikwambi wala kuwatisha navyo. Nina swali moja tu: mtoto wa miaka minne akimaliza kitabu cha picha kwenye simu ya mama yake, hadithi imemwingia?

Chukueni ukurasa mmoja, niubuni hapa hapa. Neema amebeba kikapu cha mayai, mbele yake kuna shimo. Pembeni mbuzi, duka, ndege juu ya mwembe. Sauti inasoma: "Neema hakuliona shimo." Mtoto hajui kusoma bado. Maneno anayapata masikioni, na macho yake yanahangaika pichani kutafuta ni nini kinachosemwa. Katika kitabu kilichotengenezwa kwa akili, neno "shimo" likitajwa, picha inasogea taratibu mpaka kwenye mguu wa Neema. Jicho na sikio vinakutana.

Sasa kitabu cha pili. Ukimgusa mbuzi, analia. Ukigusa duka, mlango unafunguka. Mtoto anagusa, anacheka, anagusa tena. Muulize mayai yamevunjikaje. Mayai gani?

Naona mama mmoja pale nyuma anacheka, anakijua hicho kitabu.

Haya si maoni yangu peke yangu. Mwaka 2015 watafiti Zsofia Takacs, Elise Swart na Adriana Bus walikusanya tafiti 43 zenye watoto 2,147. Picha zenye mwendo, muziki na milio viliwasaidia watoto. Michezo na vitu vya kugusagusa viliwapoteza. Na waliofaidika zaidi na mwendo, na kuumizwa zaidi na michezo, ni watoto wa nyumba zisizo na vichocheo vingi vya kujifunza. Yaani yule ambaye tungetaka simu imsaidie ndiye kitabu kibaya kinamwumiza zaidi. Hapo ndipo mimi hukasirika nikiona programu inajisifia kuwa na michezo kila ukurasa.

Miaka sita baadaye ukaja uchambuzi mwingine, wa May Irene Furenes, Natalia Kucirkova na huyo huyo Bus, uliolinganisha karatasi na skrini kwa watoto wa mwaka 1 hadi 8. Kitabu kile kile kikihamishiwa tu kwenye skrini, karatasi inashinda. Kikiongezewa vitu vinavyoibeba hadithi yenyewe, skrini inaipita karatasi. Kamusi ya kubofya nayo iliongeza msamiati, lakini hadithi haikueleweka zaidi.

Mtaniuliza, vya Kiswahili tutavipata wapi? African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, tangu 2014 unatoa hadithi za bure, Kiswahili kikiwemo. Unapakua, unachapisha, hata kutafsiri unaruhusiwa. Nyingi ni picha tulivu na maandishi. Mimi sioni kama ni upungufu, maana kazi ya kusogeza picha inarudi kwako mzazi. Soma sentensi, kidole kwenye shimo, nyamaza kidogo. "Unadhani itakuwaje?" Msubiri ajibu, hata akichelewa.

Tatizo letu watu wazima ni kwamba mbele ya simu tunageuka mafundi: "Usibonyeze hapo! Shika vizuri! Utaidondosha!" Ukihesabu tuliyosema, ya Neema ni machache. Basi zima intaneti kabla hujaanza, simu iweke mapajani mwako, mtoto asogee. Na kitabu kipitie mwenyewe kwanza, ukiangalia kitu kimoja: kinachotikisika ndicho kinachosimuliwa?

Kuhusu muda, nimeona karatasi kadhaa za maswali zimepita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema wa mwaka mmoja asikae mbele ya skrini kabisa. Wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora. Ukurasa wangu wa Neema unaweza kuchukua dakika tano mkiuzungumza. Haya, aliyeandika swali la mtoto anayetaka kitabu kile kile kila usiku, nyoosha mkono.