Nyavu za Nywele za Wigan

Ndugu zangu, tuanze na vichwa vya wasichana katika mchoro mmoja. Mchoro huu wa rangi za mafuta, upana sentimita 107 na kimo 76 hivi, umehifadhiwa Manchester Art Gallery. Mchoraji Mwingereza Eyre Crowe aliuonyesha London mwaka 1874, akauita "Saa ya Mlo wa Mchana, Wigan". Wigan ni mji wa eneo la Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Wasichana wa kiwanda cha pamba wametoka kupumzika, baadhi wamekalia ukuta mfupi wa mawe. Wengi wamefunga nywele ndani ya wavu.

Wavu ule haukuwa urembo. Kiwandani, injini moja ya mvuke ilizungusha mihimili mirefu iliyopita chini ya dari, na kila mashine ilipokea mwendo kwa mkanda wa ngozi. Ukiizima mashine yako, mhimili unaendelea kuzunguka. Nywele zikinaswa na mkanda, ngozi ya kichwa inang'oka kabla mtu hajaikimbilia injini. Sheria ya 1844 ilitaka mitambo hiyo iwekewe kinga, lakini mfumaji alilazimika kuinama karibu na mashine na mkanda wake kila uzi ulipokatika.

Na nyuzi zilikatika mara nyingi, hasa hewa ikiwa kavu. Ndiyo maana kumbi ziliwekwa joto na unyevu. Sasa shukeni miguuni: viatu vyenye soli ya mbao, chini vikiwa vimepigiliwa vipande vya chuma. Vilihimili sakafu yenye maji na mafuta ya mashine, na chuma kilipolika kiliweza kubadilishwa bila kutupa kiatu. Shali nazo zilihitajika kwa anayetoka kwenye joto lile kuingia baridi ya nje.

Jambo ambalo brashi haikuweza kulionyesha ni kelele. Wafumaji wa Lancashire walizoea kusomana midomo, kwa sababu sauti haikusikika katikati ya mamia ya mashine. Midomo hiyohiyo ilifanya kazi nyingine: kuufyonza uzi wa mshindio, yaani ule wa kukingama, upite kwenye tundu la kile kipande cha mbao kinachokimbia huku na huku kati ya nyuzi za mtande, zile za urefu. Vumbi na mafuta viliingia kinywani, pamoja na mate ya aliyetangulia. Kwa hiyo wasichana hawa wanaoongea ukutani tuwatazame vizuri: hapa wanasikiana.

Mhakiki mmoja wa wakati huo alisikitika kwamba Crowe amepoteza muda kwa jambo lisilovutia. Alikosea kabisa. Kasoro ya mchoro huu ni usafi wake: baada ya nusu siku kazini, aproni zingejaa nyuzinyuzi za pamba, na anga ya Wigan ingekuwa nzito zaidi kwa moshi.

Crowe aliijua pamba kutoka upande wa pili pia, ule wa watumwa walioilima Marekani. Mwaka 1853 alichora watumwa mnadani Richmond, Virginia, na mwaka 1861 akaonyesha mchoro wa mafuta wa watu wanaongoja kuuzwa. Mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza, pamba ikaadimika, na mashine za Lancashire zikasimama, wafanyakazi wakakosa chakula. Hata merikani, kitambaa cha pamba kilichouzwa Zanzibar, ilifumwa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwa pamba ya Kusini mwa nchi hiyo. Vita vilipoikatiza biashara hiyo, nguo za Uingereza zilipata nafasi sokoni.