Seti ya Ikoni Ihukumiwe kwa Pikseli 16

Asanteni, kaeni. Hiyo slaidi yenye ikoni kubwa zinazong'aa niliiweka ili tuitoe. Itoe, tafadhali. Hakuna karani, mwalimu wala mhasibu anayefanya kazi na ikoni za ukubwa ule. Zile ni za mabango ya kutangaza toleo jipya, na ndiyo maana mijadala ya kuchagua ikoni za programu za ofisi huanza vibaya: watu wanaonyeshwa bango, wanapiga kura ya urembo, basi, imepita.

Leo nashika LibreOffice, ile programu huria ya kazi za ofisi, kwa sababu ikoni zake ni za wazi; mtu yeyote anaweza kufungua faili zake akajionea. Seti zake za ikoni mnazijua: Colibre, Breeze, Elementary, Sifr, Sukapura, Karasa Jaga. Sitazieleza moja moja. Swali letu ni dogo tu: ipi iwe chaguo-msingi, yaani ile anayoikuta mtu ambaye hatagusa mipangilio maisha yake yote? Jibu langu mmeshalisikia mahali pengine na leo mtalisikia tena. Seti usiipime kwa ikoni yake nzuri kuliko zote. Ipime kwa ile mbaya kuliko zote, ikiwa ndogo.

Chukueni amri moja ya Writer, programu yake ya kuandikia hati, ya kuongeza safu mlalo juu ya ile uliyopo. Ikoni yake ndogo ni faili liitwalo sc_insertrowsbefore.png, pikseli (vile vinukta vya skrini) 16 kwa 16. Jirani yake, ya kuongeza chini, ni sc_insertrowsafter.png. Mchoraji anataka kuonyesha jedwali la visanduku vitatu kwa vitatu. Jedwali hilo linataka mistari minne, kila mmoja pikseli moja. Nne zimekwenda. Akitumia pikseli zote 16, zinabaki 12, kila kisanduku kinapata nne. Safi kabisa, ila jedwali limegusa kingo zote na kwenye upau wa zana litabanana na wenzake. Basi aache pikseli moja ya nafasi kila upande: ana 14, toa nne, zinabaki 10. Kumi gawanya kwa tatu. Haya, nani atanigawia?

Hakuna. Kwa hiyo ama kisanduku kimoja kinanenepa kuliko wenzake, ama anashuka hadi pikseli 13, visanduku vya tatu-tatu, na jedwali linakaa limesogea upande, ama anaiachia kompyuta igawanye yenyewe, nayo inampa mistari yenye ukungu wa kijivu. Na hapo alama ya kujumlisha bado haijawekwa! Ile nayo inataka pikseli tano kwa tano ili isionekane doa. Iweke juu ya jedwali, umeshafunika zaidi ya kisanduku kizima.

Sasa panga mstari mmoja: ongeza safu mlalo juu, ongeza chini, ongeza safu wima kushoto, ongeza kulia, futa safu mlalo, futa safu wima, futa jedwali zima, unganisha visanduku, gawanya kisanduku. Ikoni tisa, zote ni jedwali, zote zinakaa upau mmoja. Kinachozitofautisha ni pikseli chache za rangi na mahali zilipowekwa. Mtu mwenye haraka akikosea hapa, anafuta badala ya kuongeza. Sawa, kuna Ctrl+Z, lakini lazima kwanza agundue kwamba amefuta.

Najua kuna aliyekwisha kunijibu moyoni: chora moja ya pikseli 32, halafu ipunguze. Hapana, bwana. Punguza 32 hadi 16, mstari wa pikseli moja unakuwa nusu pikseli, na skrini haina nusu. Inachofanya ni kuufifisha rangi. Kutoka 24 hadi 16 ni theluthi mbili, huko ni vurugu tupu. Ndiyo maana kila amri ina michoro mitatu: sc_ kwa 16, lc_ kwa 24, na folda ya 32. Inachorwa mara tatu, siyo mara moja na kupunguzwa mara mbili.

Kosa jingine la wachoraji wapya liko kwenye faili la SVG, yaani mchoro unaoandikwa kwa namba za mahali badala ya pikseli. Namba unayoandika ni ya katikati ya mstari, siyo ukingo wake. Ukiweka mstari wa wima wenye unene wa pikseli 1 kwenye x=5, nusu yake inaangukia safu ya kushoto na nusu ya kulia: mistari miwili iliyofifia badala ya mmoja mkali. Uweke kwenye 5.5. Ni marekebisho ya sekunde mbili, na bado kila mtu anayesema "seti hii ina ukungu, sijui kwa nini" ningemwambia aanzie hapo.

Kupima ni hivi. Fungua Writer, ingiza jedwali, weka ukubwa wa ikoni uwe mdogo, piga picha ya skrini. Igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ikate ubaki upau wa jedwali peke yake, bila maandishi. Mpe mtu ambaye hakuichora, umwambie akuonyeshe ya kuongeza juu na ya kufuta safu wima. Akisitasita kwenye mbili kati ya zile tisa, seti hiyo siyo chaguo-msingi, hata kama ikoni yake ya kuchapisha ni nzuri ya kuweka kwenye fremu.

"Lakini skrini za siku hizi ni kali!" Za kwako. Mahali pengi pa kazi bado kuna laptopu za 1366 kwa 768, na kwenye pikseli 768 za kwenda chini, kila upau unaounenepesha unakula mistari ya barua ya mtu. Mwenye skrini kali atatumia toleo la SVG la seti ileile, na hatadhurika kwa kuwa ile ya 16 ilichorwa vizuri.

"Mtumiaji achague mwenyewe." Aingie Tools, Options, achague. Anayejua njia hiyo hahitaji mhadhara huu. Tunamzungumzia asiyeijua, na kwake mpangilio unasomeka "auto". Hiyo auto ina maamuzi yake: Windows inapewa Colibre, tangu toleo 6.1 la mwaka 2018. MacOS inapewa Sukapura, tangu 7.0 la 2020; kwenye Linux, mwenye eneo-kazi la KDE anapewa Breeze, mwenye GNOME anapewa Elementary, na aliyewasha utofautishaji mkubwa wa rangi anapelekwa Sifr. Kwa mtu mmoja na kompyuta yake ni uamuzi mzuri, programu inafanana na nyumba iliyomo. Kwenye chumba cha mafunzo ni balaa. Mwalimu anasema "bonyezeni ile ya bluu", nusu ya darasa haina ya bluu.

Kwa hiyo kwenye maabara yenye mashine mchanganyiko, fungieni seti moja. Mimi naweka Colibre. Wapo wanaoiona baridi, na hilo sibishani nalo. Sababu yangu ni kwamba seti nyingine zikikosa ikoni huazima, na mnyororo wa kuazima unaishia Colibre. Ukiwa ndani yake huoni ikoni moja ngeni imekaa katikati ya nyingine kama mgeni aliyekosea harusi.

Kwa mashine moja: funga LibreOffice yote, fungua registrymodifications.xcu iliyo kwenye folda ya mtumiaji, na chini ya /org.openoffice.Office.Common/Misc weka SymbolStyle yenye thamani colibre, herufi ndogo. Ukihariri programu ikiwa wazi, itaandika upya faili wakati wa kufunga na kazi yako imepotea. Kwa mashine nyingi, tengeneza faili la mipangilio la .xcd kwenye folda ya share/registry ya LibreOffice, uweke oor:finalized="true" ili asibadilishe mtu, na usisahau mstari wa dependency wa main, la sivyo hakuna uhakika kwamba litasomwa baada ya mipangilio ya asili. Kwenye Linux za Debian na Ubuntu hakikisha kwanza kifurushi cha libreoffice-style-colibre kipo. Ukiitaja seti ambayo haipo, haitajitokeza kwa kuitwa jina.

Naonyeshwa saa. Haraka haraka, basi.

Ikoni ya Save ina hali mbili: hati iliyohifadhiwa, na hati iliyoguswa baada ya kuhifadhiwa, ambayo faili lake ni savemodified_small.png. Tofauti ikiwa ya rangi peke yake, asiyetofautisha nyekundu na kijani haoni lolote. Iwe na alama yenye umbo. Na kuhusu flopi, kwamba vijana hawajawahi kuiona: naomba tusianze, tutalala hapa.

Hali ya giza: kijivu cha #3a3a38 juu ya nyeupe kina uwiano wa zaidi ya 11 kwa 1. Kipeleke kilekile juu ya #2b2b2b, unapata takriban 1.2 kwa 1, wakati kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, kwa michoro ni 3 kwa 1. Ikoni zimepotea. Seti isiyo na mwenzake wa giza haijamalizika.

Lugha: herufi nzito kwa Mjerumani ni F, siyo B, na seti ina folda za lugha kwa ajili hiyo. Mchoraji akizisahau, Mjerumani anapewa B. Maandishi ya kutoka kulia kwenda kushoto nilikuwa na slaidi nne, zimekufa.

Faili la .xcd lililokamilika liko kwenye kompyuta hii ya mbele. Anayelitaka aje na flashi, na atuambie kwanza anatumia toleo gani.