Saa Kumi ya Shangazi

Assalaam aleikum. Nimeombwa nizungumzie kazi za mtaalamu wa data kwa umma, pamoja na zile ninazozifanya usiku nyumbani bila ya mtu kunilipa. Mlionisikia kabla mnajua nitaanzia wapi. Ndiyo, kwa shangazi yangu. Vumilieni.

Shangazi yuko Jambiani, pwani ya Unguja hapa Zanzibar, anachokoa pweza tangu mimi sijazaliwa. Nikasema, na usomi wote huu, nimfanyie jambo. Nikaandika kijiprogramu cha kukokotoa maji kupwa na kujaa, kikawa kinamtumia meseji kila alfajiri. Hesabu nikailinganisha na jedwali la bandarini, nikajipongeza. Bamvua la kwanza, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, meseji ikaenda: "Leo maji yatapwa 10:05." Haukupita muda simu ikalia. "Mwanangu, saa kumi? Saa kumi bahari iko mlangoni! Unataka wanizike?"

Mnaocheka mmeshaelewa. Kompyuta ilikusudia saa nne na dakika tano asubuhi. Shangazi akasoma saa kumi jioni, kama anavyosoma kila mtu kijijini kwake. Saa yetu na ya kompyuta zinapishana kwa saa sita. Na maji, kutoka kupwa hadi kujaa, huchukua saa sita na dakika kidogo. Balaa tupu! Laiti ningekosea nusu saa. Mimi nilikosea kinyume chake kabisa. Na bamvua letu hupita mita tatu, si maji ya kuvuka kwa kunyanyua kanga.

Hakwenda, alhamdulillahi. Huangalia mwezi: ukiandama, au ukiwa mpevu, anajua maji hupwa mwendo wa saa nne, saa tano asubuhi. Mimi nimelijua hilo kwa kompyuta.

Kuna kijana pale nyuma, anataka kusema, si umfundishe kusoma saa 24? Kila ninapozungumza, kijana huyu yupo. Babu, nani anamtumikia nani? Kuirekebisha programu kulinichukua dakika tano: toa sita, andika "asubuhi". Wewe unataka kijiji kizima kibadilishe saa ili msitari wako mmoja wa programu usiguswe! Na ukikataliwa utasema wanakijiji hawapendi teknolojia.

Haya, ya serikalini. Malaria: tangu 2008 vituo vyetu vya afya vilianza kutuma idadi ya wagonjwa kwa simu kila wiki, na 2012 ukaja mfumo wa Coconut. Mgonjwa akigunduliwa kituoni, ofisa wa wilaya hupata taarifa, akafunga safari hadi nyumbani kwa mgonjwa, akawapima na wa nyumbani mwake. Naipenda kazi ile. Namba haikai ofisini kupigwa rangi kwenye chati, inakwenda kubisha hodi.

Nilikuwa na la droni pia, zile zilizoanza kurushwa 2016 kupiga picha Unguja na Pemba, vijana wa SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, wakiwemo. Swali langu ni lile lile: sheha, kiongozi wa mtaa, ameshaiona ramani ya shehia yake? Na karafuu nilitaka kuisema, lakini mwenyekiti ananikodolea macho. Ameniletea kikaratasi, kimeandikwa "Mwisho 10:30".

Kwa saa ya shangazi, nina saa sita nyengine.